Chozi la Kasa

Assalamu alaykum wazee wangu, na nyinyi wanangu wa skuli.

Hapa Nungwi nani asiyejua kuwa kasa akipanda pwani kutaga hutokwa na machozi? Mimi nimekua nikiambiwa anawalilia wanawe anaowaacha mchangani. Siyadharau maneno hayo, kwani walioyasema walikaa usiku wakamtazama. Yupo mtu aliyeendelea kuuliza: hilo chozi lina nini ndani yake?

Knut Schmidt-Nielsen alizaliwa Norway mwaka 1915, akaja kufundisha Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Mwaka 1957 yeye na wenzake walimnywesha mnandi, yule ndege mzamiaji samaki, maji ya bahari. Haukupita muda, matone yakaanza kumdondoka kwenye ncha ya mdomo. Kuyapima, yana chumvi kuliko bahari yenyewe! Figo za ndege haziiwezi kazi hiyo. Zinaifanya tezi zilizo kichwani, karibu na macho. Mwaka uliofuata, yeye na Ragnar Fänge wakaonesha kuwa kasa naye anazo, ila zake humwaga machoni. Basi kasa hulia hata akiwa majini, lakini kule nani atayaona machozi yake? Chumvi anayoimeza anaitoa kwa jicho.

Kabla ya hapo alikuwa amehangaika na ngamia. Wazee wetu waliwakuta ngamia mjini Unguja wakizungusha vinu vya simsim, na wengi wakiamini nundu ni mtungi wa maji. Nundu ni mafuta, wanangu. Mwaka 1953 Schmidt-Nielsen alihamia Béni Abbès, jangwani Algeria, pamoja na watoto na mkewe Bodil, naye bingwa wa figo. Hapo ndipo ninapompendea: hakumhukumu ngamia kwa kusikia, alimfuata kwake na kipimajoto mkononi. Akaona kuwa ngamia aliyekosa maji huuacha mwili upate joto mchana mpaka kama nyuzi 41, usiku ukapoa hadi 34. Mimi na wewe tungekuwa hoi kwa homa. Yeye anaokoa maji ambayo yangemtoka kwa jasho.

Pale Duke ipo sanamu ya Schmidt-Nielsen akitazamana na ngamia. Aliyeichonga ni Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, na mimi kila nikilikumbuka hilo nafurahi.

Mwanangu uliyekaa nyuma, umeinua mkono tangu nilipotaja figo. Uliza.