Siku ya Mwisho ya Campbeltown

Waliowahi kufanya kazi gudini, kule meli zinakotengenezewa, wanyooshe mikono. Naam, naona watatu wanne pale nyuma. Nyinyi mtanielewa upesi, maana kisa cha leo ni cha manowari Campbeltown na lango la gudi.

Manowari yenyewe ilishushwa majini huko Bath, jimbo la Maine, Januari 1919, Vita Kuu imeshapigwa ikaisha. Marekani waliiita Buchanan: destroya nyembamba, dohani nne, mbio tele, kazi hakuna. Mara mbili ikawekwa kando, mara mbili ikarudishwa. Septemba 1940 Marekani ikawapa Waingereza manowari kuukuu 50, nayo ikapata vituo vya kijeshi kwa miaka 99. Buchanan ilikuwamo, ikabatizwa Campbeltown.

Sasa lango. Saint-Nazaire, Ufaransa, chini ya Wajerumani, palikuwa na gudi lililojengwa kwa ajili ya meli ya abiria Normandie. Katika pwani yote ya Atlantiki waliyoishika, ni hilo tu lililoweza kuipokea manowari kubwa ya Kijerumani kama Tirpitz. Ikijeruhiwa baharini, ikatibiwe wapi kwingine?

Waingereza wakaamua kulivunja lango lile kwa Campbeltown. Wakaiondolea dohani mbili, zilizobaki wakazikata zifanane na za Kijerumani. Wakaipunguzia uzito ipite juu ya mafungu ya mchanga ya mto Loire; hata hivyo iligusa chini mara mbili. Kwenye omo, yaani mbele ya meli, wakaficha mabomu 24 ya kulipulia nyambizi, zaidi ya tani 4, ndani ya chuma na zege.

Usiku wa kuamkia 28 Machi 1942 iliingia na bendera ya Ujerumani, ikijibu taa za doria kwa ishara za uongo. Mizinga ilipoanza kuipiga, bendera ikabadilishwa. Nahodha Stephen Beattie akaikita langoni saa 7 na dakika 34. Ilipangwa saa 7 na nusu. Sisi wa daladala hatuwezi kumlaumu.

Mabomu yalichelewa zaidi. Kulipokucha, Wajerumani wakapanda kuikagua. Inasimuliwa kwamba Beattie, sasa mateka, alikuwa akiambiwa na ofisa kuwa lango lile litatengenezwa upesi tu, mara madirisha yakatikisika.

Omo haikuonekana tena. Lango likabomoka, bahari ikaingia kwa nguvu na kuisukuma tezi, yaani sehemu ya nyuma, iliyosalia mpaka ndani ya gudi. Waingereza 169 walikufa katika shambulio lile. Tirpitz haikufika Saint-Nazaire, na gudi halikufanya kazi hadi vita vilipokwisha.