Mtoto Anatoka Tumboni na Kumbukumbu Gani? Mhadhara kwa Wazazi na Wakunga, Moshi

Wakubwa shikamooni, na wakunga wetu na ninyi mnaosomea uuguzi hapa Moshi, habari za mchana.

Tumeulizwa kama mtoto anajua lolote kabla ya kuzaliwa, na kama anakumbuka alivyozaliwa. Jibu langu ni kwamba mtoto hujifunza akiwa tumboni, na alama ya alichojifunza hubaki naye. Lakini hakuna anayekumbuka kuzaliwa kwake jinsi anavyokumbuka siku ya kipaimara chake. Tukichanganya mambo haya mawili, ama tutamshika mtoto kama gogo, ama tutawalipa watu watuuzie kumbukumbu zisizokuwepo.

Tuanze na sikio. Mimba ikiwa na wiki 24 au 25, baadhi ya watoto hushtuka na kufinya macho kikiwekwa kifaa cha kutoa sauti na mtetemo juu ya tumbo la mama. Wiki 28 zikishapita, karibu kila mtoto mwenye afya hufanya hivyo. Sauti nyembamba hufifia njiani. Nzito ndizo zinazopenya. Kwa hiyo kinachomfikia zaidi ni mapigo na lafudhi, maneno yenyewe hayasikiki vizuri. Sauti ya mama humfikia kwa nguvu kwa sababu inasafiri pia ndani ya mwili wa mama.

Tumejuaje kwamba anaihifadhi? Mwaka 1980 huko Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer waliwavisha watoto wachanga visikilizio na kuwapa chuchu ya mpira yenye kipimo cha kunyonya. Mtoto hunyonya mfululizo, hupumzika kidogo, kisha huanza tena. Kwanza walipima pumziko la kawaida la kila mtoto. Halafu kwa baadhi yao, pumziko refu kuliko kawaida lilileta sauti ya mama, na fupi likaleta ya mwanamke mwingine. Kwa wengine mpango uligeuzwa, ili asitokee mtu wa kusema mtoto alichoka tu. Watoto ambao hawajamaliza siku tatu duniani walibadilisha unyonyaji wao ili wamsikie mama. Mwaka 1984 jaribio kama hilo lilifanywa kwa sauti ya baba, na watoto hawakuipendelea, ingawa walikuwa wameshaisikia baada ya kuzaliwa. Hapo ndipo inapoonekana kwamba upendeleo ule ulitoka tumboni. Kisha mwaka 1986, akina mama waliosoma hadithi moja kwa sauti katika wiki za mwisho za ujauzito walizaa watoto walioipendelea hadithi hiyo hata iliposomwa na mwanamke mwingine.

Kwa nyumba zetu zenye Kichaga na Kiswahili, jueni hili: utafiti uliofanywa Vancouver, Kanada, mwaka 2010 ulionyesha kuwa wachanga wa akina mama wanaozungumza lugha mbili huvutiwa na zote mbili. Mama mjamzito, ongea zote bila hofu.

Harufu nayo hukaa. Mwaka 1994 wachanga 30 waliwekwa kifuani kwa mama zao, titi moja likiwa limeoshwa na jingine halijaoshwa. 22 walichagua lile ambalo halijaoshwa. Wakunga, msimharakishe mama kusugua matiti kwa sabuni kabla ya kunyonyesha mara ya kwanza. Mkaushe mtoto, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi, wafunikeni wote wawili, na kuogeshwa kusubiri saa 24.

Je, akiwa tumboni yuko macho? Muda mwingi sana amelala. Oksijeni yake ni ya chini, na homoni za kondo la nyuma humtuliza. Wakati wa leba, homoni za msukosuko, hasa noradrenalini, hupanda kupita kiwango cha mtu mzima aliye katika hatari, na hizo ndizo zinazosaidia kukausha maji mapafuni na kumwamsha. Ndiyo maana saa ya kwanza macho yake yako wazi na anatazama.

Sasa, wapo wanaodai kwa kulazwa usingizi maalumu wa kuongozwa kwa maneno (hipnosisi) wamekumbuka kuzaliwa kwao, hata mimba ya miezi mitatu. Kabla ya wiki ya 24 hivi, njia za neva za kupeleka hisia kwenye gamba la ubongo bado hazijaunganika. Na hipokampasi, sehemu inayotunza matukio, huendelea kukomaa miaka kadhaa baada ya kuzaliwa. Wengi wetu kumbukumbu ya kwanza ni ya miaka mitatu na kuendelea. Usingizi ule humwongezea mtu uhakika, haumwongezei ukweli.

Lakini maumivu huacha alama bila kumbukumbu. Hadi miaka ya 1980 wachanga walipasuliwa kwa ganzi kidogo mno, kwa imani kwamba hawasikii maumivu. Tafiti za Kanwaljeet Anand za mwaka 1987 zilisaidia kuivunja imani hiyo. Mwaka 1997, Anna Taddio na wenzake Kanada walionyesha kuwa wavulana waliotahiriwa wachanga bila dawa ya maumivu walilia zaidi kuliko wasiotahiriwa kwenye chanjo ya miezi minne au sita.

Kwa hiyo kliniki ya chanjo ya wiki ya 6, mama akae na mtoto mikononi, si kumlaza mezani. Chanjo za matone mdomoni zitangulie. Kisha mtoto ashike titi vizuri kabla ya sindano, aendelee kunyonya ikichomwa, na ile inayouma zaidi iwe ya mwisho. Muuguzi asivute bomba kutafuta damu, kwani hilo huongeza maumivu bila faida.