Kupunguzwa Kazini Kunakupa Nini

Mabibi na mabwana, habari za jioni, na asanteni kwa kunialika. Mada niliyopewa ina ukakasi: faida za kupunguzwa kazini. Huenda humu ukumbini wapo ambao barua wanayo mfukoni, na mtu wa namna hiyo hana hamu ya kuambiwa "usijali, mlango mwingine utafunguka". Sitamwambia hivyo. Nitaanza na hasara, tumalizane nayo mapema.

Mwaka 1993 wachumi watatu, Louis Jacobson, Robert LaLonde na Daniel Sullivan, walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, waliokaa muda mrefu na mwajiri mmoja, kisha kampuni zikayumba na wao wakapoteza kazi. Miaka kadhaa baadaye, kipato chao kilikuwa bado pungufu kwa takriban robo ya kile ambacho wangekuwa wanapata. Robo nzima! Kwa hiyo anayekuambia kupunguzwa ni baraka tupu anatia chumvi. Wapo pia wanaopenda kumtaja Michael Bloomberg. Ni kweli, aliachishwa kazi Salomon Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani, mwaka 1981, akaanzisha kampuni iliyomfanya tajiri mkubwa. Wanachosahau kusema ni kwamba alitoka pale na dola milioni 10 za hisa zake. Ukinipa kiinua mgongo cha kiasi hicho, hata mimi nitawahubirieni uzuri wa kuachishwa kazi mpaka asubuhi. (Kicheko.)

Sasa, faida iko wapi? Mimi naona ni moja kubwa, na nyingine zinaifuata nyuma: kupunguzwa hukutoa mahali ambapo kwa hiari yako usingetoka, hata kama hapakufai.

Februari 2014 wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi jijini London waligoma kwa siku mbili. Baadhi ya vituo vilifungwa, vingine vikaendelea, na abiria wengi wakalazimika kutafuta njia nyingine ya kufika kazini. Wachumi Shaun Larcom, Ferdinand Rauch na Tim Willems walichunguza kumbukumbu za kadi za nauli, wakakuta kwamba mgomo ulipokwisha, takriban abiria 5 katika kila 100 hawakurudi kwenye njia yao ya zamani. Fikirini jambo hilo. Hawa ni watu waliokuwa wakisafiri kila siku ya kazi, kila mmoja na saa yake mkononi, na hakuna aliyewahi kuwazuia kujaribu njia ya pili. Hawakuijaribu kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa inawafikisha.

Kazi nayo ni hivyohivyo. Mshahara unaingia, bosi anavumilika, mwaka unakwisha, unasema mwakani nitaangalia. Kuacha kazi mwenyewe kuna gharama nyingi: unakosa malipo ya kuachishwa, unalazimika kuwaeleza wa nyumbani, na mambo yakienda kombo lawama zote ni zako. Ukipunguzwa, uamuzi umeshafanywa na mtu mwingine. Maelezo yake ni sentensi moja, kwamba nafasi imefutwa, na hakuna mwajiri mwenye akili atakayekushangaa, kwa kuwa kilichofutwa ni kiti, si wewe uliyekikalia. Na pale sheria au mkataba unaporuhusu, unatoka na fedha kidogo za kununulia muda.

Lakini msisahau wale 95 waliorudi kwenye njia yao ileile. Kwa wengi, ya zamani ndiyo ilikuwa nzuri, na hilo lisiwaudhi.

Nani basi anafaidika zaidi? Steven Levitt, mchumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliwaalika watu wenye uamuzi mgumu, ukiwamo wa kuacha kazi, wakubali kurushiwa sarafu kwenye mtandao. Ilirushwa zaidi ya mara 20,000. Walioangukiwa na upande wa "badilisha" walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubadilisha kweli, na baada ya miezi sita walisema wana furaha zaidi kuliko walioambiwa wabaki walipo. Hao wote walikuwa tayari wanasitasita. Mtu anayeipenda kazi yake haendi kurushiwa sarafu. Ndiyo maana nasema, kama mguu mmoja ulikuwa nje kitambo, barua ile imekusukuma ulikokuwa unaelekea. Kama uliipenda kazi yako, lia kwanza. Una haki.

Faida nyingine haisemwi sana, nayo inahusu wenzako. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba kati ya watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, zaidi ya 8 katika 10 walisema mtu huyo walikuwa wakionana naye mara mojamoja tu, au kwa nadra. Rafiki wa karibu anajua unachokijua wewe. Yule wa mbali ndiye anayesikia habari za kwingine. Sasa tazameni idara inapofutwa: yule wa hesabu anaangukia benki, yule wa ghala anakwenda kwa wasafirishaji, dada wa mapokezi anajikuta hospitali. Watu mliokuwa mnapumua hewa moja wamesambaa kwenye ofisi ambazo hukuwahi kuzikanyaga, na kila mmoja anajua kazi yako kwa macho, si kwa kusoma wasifu wako. Kwa hiyo kabla kompyuta ya ofisi haijafungwa, chukua namba zao binafsi. Zile anwani za kazini zitakufa siku moja na ajira yenu.

Muda je? Hapa naenda taratibu, maana watu huuita zawadi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikichunguza kijiji cha Marienthal, Austria, ambako kiwanda cha nguo kilikuwa kimefungwa na karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Ungedhani watu wangesoma zaidi, kwa kuwa siku nzima ilikuwa yao. Maktaba iliondoa ada, na bado uazimaji wa vitabu ulishuka kwa karibu nusu. Wanaume walionekana wakitembea polepole, wakisimamasimama njiani. Kwa hiyo muda mtupu haumjengi mtu. Unafaa ukiwa na mipaka: saa ya kuamka, mahali pa kwenda, mtu anayekusubiri. Anayejiandikisha kwenye mafunzo ya jioni wiki ya pili, hata yawe ya jambo dogo, yuko mbele sana ya anayesema atapumzika kwanza kisha ataona.

Nimalizie na karatasi, kwa sababu faida nyingi hupotea hapo. Ukipewa hesabu ya mafao, usikimbilie jumla iliyo chini. Anza na tarehe ya kuajiriwa. Ikiwa ulianza kwa mkataba wa muda ndipo ukathibitishwa, angalia wamehesabu kuanzia lini. Kisha siku za likizo ambazo hukuchukua, kisha malipo ya notisi. Usisaini siku hiyohiyo kama hulazimiki. Soma sheria ya nchi yako, maana zinatofautiana sana. Hata hivyo, Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwaka 1982 Pendekezo namba 166, na ingawa halimfungi mwajiri, ni orodha nzuri ya mambo ya kuomba: saa za kutafuta kazi ndani ya notisi bila kukatwa mshahara, kipaumbele cha kuajiriwa tena nafasi zikirudi, na cheti chenye tarehe ulizotumika na aina ya kazi ulizofanya.

Hicho cheti kiombe wiki hii, kabla ofisi ya rasilimali watu nayo haijapunguzwa.