Huna cha kuficha? Basi nipe simu yako

Habari za jioni ndugu zangu, wazee wangu shikamooni. Najua kuna watu wametoka Kimara na foleni ya Morogoro Road mnaijua wenyewe, kwahiyo salamu nazifupisha naingia kwenye hoja.

Kila ikizungumzwa faragha hapa mjini lazima mtu mmoja aseme "mimi sina cha kuficha, asiye na kosa haogopi". Na wengi wanaosema hivyo ni watu wema kabisa. Lakini huyo huyo anaoga mlango umefungwa, mshahara wake hautaji mbele ya mashemeji, na mama yake akipiga simu kutoka kijijini anatoka nje kuongea. Kuna kosa gani hapo? Hakuna hata moja. Kwahiyo mambo ya mtu kuwa yake peke yake hayana uhusiano na uovu, tuliondoe hilo mapema ili tuongee vizuri.

Kuna mwanafalsafa wa Marekani anaitwa James Rachels, mwaka 1975 aliandika makala kuuliza kwanini faragha ina umuhimu, na jibu lake mimi nalipenda kwasababu linahusu mahusiano. Anasema tunahitaji kuwa na uwezo wa kuamua nani ajue nini kutuhusu kwasababu hatuishi na watu wote kwa namna moja. Chukua dada mmoja wa hapa Dar: kwa bosi wake ni mtu mwingine, kwa mama mkwe ni mwingine, kwa shoga yake wa tangu shule ni mwingine kabisa, na sio kwamba ni mnafiki, ndo maisha yalivyo. Shoga yake anajua kwamba ndoa inayumba, mama mkwe hajui, na ule urafiki umejengwa hapo hapo, kwenye yale ambayo mmoja kaambiwa na mwingine hakuambiwa. Sasa mambo yote yakiwa wazi kwa wote, huyu dada atampa nini rafiki yake? Hana cha kumkabidhi tena. Nadhani watu hawaoni hili, wanadhani faragha inawatenga watu wakati ndo inayowaruhusu wawe karibu.

Hapo ndo utasikia kwamba hayo mambo ya faragha ni ya Wazungu, sisi tunaishi kwa pamoja. Wazungu wameandika kweli, mwaka 1890 kule Boston wanasheria wawili, Warren na Brandeis, waliandika makala maarufu kudai haki ya mtu kuachwa aishi maisha yake bila kuingiliwa, maana magazeti yalikuwa yanachimba mambo ya majumbani na kamera ndogo za kubeba mkononi zilikuwa zimeingia. Ila kusema sisi hatukuwa nayo mimi nakataa kabisa. Mgeni akija anapiga hodi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya, anaondoka hata kama kasikia vijiko ndani. Waislamu mnajua kwenye Surat An-Nur imeelekezwa msiingie nyumba za watu mpaka mtake ruhusa na muwasalimu wenyewe, na waliosimika adabu hiyo pwani hii hawakusubiri mtu wa Boston.

Na nenda nyumba ya kupanga, Manzese au Tandale, vyumba vinatazamana, korido moja, choo kimoja, ukuta umeishia chini ya bati haujafika juu. Usiku mtu na mkewe wanagombana, nyumba nzima inasikia, mpaka mtoto wa chumba cha mwisho anajua kwamba hela ya kodi imeliwa. Asubuhi yule mama anatoka na ndoo yake, macho yamevimba, na wapangaji wenzake wanamwambia "umeamkaje mama fulani", anajibu salama, wanaongea habari za maji kukatika. Nyie hilo ni jambo kubwa sana! Wote wamesikia na wote wamemsitiri. Wahenga walisema nyumba husitiri mambo, ila pale nyumba yenyewe imeshindwa, waliositiri ni watu.

Hii ndo hoja yangu ya leo na naomba mnielewe: faragha yetu miaka yote ilikuwa inakaa kwenye haya ya anayesikia. Jirani kasikia, lakini anakujua, ana watoto wanaocheza na wako, na kesho na yeye atagombana na utamsikia. Sasa hivi anayesikia mambo yako hakujui wala humjui na hana haya yoyote na wewe, tena hasahau.

Mfano upo kila siku. Unaingia jengo lolote pale Posta, mlinzi anakusogezea daftari, jina, namba ya simu, unakwenda kwa nani, sahihi. Wakati unaandika unaona hapo juu yako majina na namba za watu wote walioingia tangu asubuhi, kwa mwandiko wao wenyewe, na aliyekuja nyuma yako atasoma za kwako. Dada zangu hapa wengi wanajua ile meseji ya jioni "mambo mrembo nilikuona leo", unajiuliza namba kaitoa wapi. Hakuna mdukuzi hapo, ni daftari na kalamu.

Halafu njoo kwenye mikopo ya kwenye simu. Mtu ana shida ya elfu hamsini, mtoto anaumwa, anapakua programu, inamuuliza iruhusiwe kusoma namba zote alizohifadhi, anabonyeza ruhusu maana asiporuhusu hakuna hela. Akichelewa kulipa, meseji zinaenda kwa bosi, kwa mchungaji, kwa fundi aliyemjengea choo miaka sita iliyopita, kwamba fulani ni tapeli anadaiwa. Kuna watu wameshindwa kurudi kazini kwa aibu hiyo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, na ni vizuri, ila angalia nani anaumia: mwenye hela anaenda benki anakaa ofisini mlango umefungwa, maskini anaweka rehani heshima yake mbele ya kila mtu anayemfahamu. Mimi hili linaniuma kuliko yote niliyosema leo.

Na afya pia. Kuna watu wanakaa Mbagala ila dawa za kufubaza virusi wanafuata wilaya nyingine, nauli juu, siku nzima imepotea, ili tu asionwe na jirani kwenye foleni. Sheria ya Ukimwi ya 2008 inataka siri ya mgonjwa itunzwe, lakini foleni haijasoma sheria, na mtu akiishiwa nauli dawa inaruka.

Kisheria hatuko uchi. Katiba ibara ya 16 inalinda maisha binafsi ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake. Mwaka 2022 ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume kabisa ya kuisimamia. Kwa kifupi anayechukua taarifa zako akuambie ni za nini, achukue zinazohitajika tu, asizitumie kwa jambo lingine, na wewe una haki ya kuziona na kutaka zirekebishwe, na ukiumizwa unalalamika Tume. Kwahiyo lile daftari la getini linaweza kubadilishwa kesho asubuhi bila hela nyingi, kila mgeni apewe kikaratasi chake akijaze akikunje atumbukize kwenye boksi, basi. Wenye majengo mliopo humu nawaomba kwa dhati, anzeni nyie. Na ukiulizwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, dukani uliza ya nini, uliza kwa upole, hujamtukana mtu.

Simu za mume na mke nimeziacha kwa makusudi maana najua zitachukua usiku mzima, lakini naona kaka pale nyuma kanyoosha mkono muda mrefu, mpeni maiki tuanze naye.