Kuandika ĩ na ũ bila kuharibu ng'ombe

Ndugu zangu, Kikuyu kina irabu saba, na mbili kati ya hizo, ĩ na ũ, hazina kitufe kwenye kibodi ya Kimarekani tunayouziwa madukani. Wengi huzinakili kutoka waraka mwingine na kuzibandika. Kwa barua fupi, sawa. Kwa kitabu kizima ni adhabu.

Ushauri mtakaopewa kwanza ni kuwasha mpangilio wa kibodi uitwao United States-International, ambao ukigonga alama kisha herufi huziunganisha. Kwenye Windows, achaneni nao. Alama ya wimbi (~) humo hukubali a, n na o tu. Ukigonga wimbi kisha i unapata ~i, vipande viwili. Ritifaa (') ndiyo balaa zaidi, maana haitokei papo hapo, inasubiri herufi inayofuata. Andikeni ng'ombe harakaharaka, skrini itawaonyesha ngómbe. Mtaambiwa mgonge nafasi kila baada ya ritifaa. Nani atakumbuka?

Afadhali mtengeneze mpangilio wenu kwa Microsoft Keyboard Layout Creator, programu ya bure. Fungueni File, kisha Load Existing Keyboard, mchague US. Tieni tiki kwenye Alt+Ctrl (AltGr), yaani Alt ya kulia, bofyeni kitufe cha i, andikeni U+0129, namba ya Unicode ya ĩ. Kwa u ni U+0169. Kwa herufi kubwa ongezeni tiki ya Shift: U+0128 na U+0168. Malizieni na Project, Build DLL and Setup Package, msakinishe, mtoke kwenye akaunti na kuingia tena. Sasa Alt ya kulia na i hutoa ĩ, na ritifaa haijaguswa. Ila Windows huihesabu Alt ya kulia kuwa Ctrl na Alt kwa pamoja, hivyo njia za mkato za programu nyingine zaweza kugongana nayo.

Linux ni rahisi, andikeni amri hii kwenye terminal:

setxkbmap us -variant altgr-intl

Shikilieni Alt ya kulia na Shift, gongeni kitufe kilicho kushoto kwa 1, achieni vyote, gongeni i, mpate ĩ. Amri hiyo hupotea mkizima kompyuta; kwenye Debian na Ubuntu andikeni XKBVARIANT="altgr-intl" ndani ya /etc/default/keyboard. Mkitumia Wayland (mfumo wa Linux wa kuonyesha madirisha kwenye skrini), badilisheni kupitia mipangilio ya kibodi.

Na kama kutafuta neno kunagoma ilhali mnaliona kwa macho, huenda ĩ hiyo ni i ya kawaida iliyopachikwa wimbi. Kwenye Word, wekeni kishale baada yake, mbonyeze Alt na x: 0129 ni herufi moja, 0303 ni wimbi la kupachikwa.