Mistari Kumi kwa Siku: Mhadhara kwa Vijana Wanaoandika Lamu

Mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mbele, wazazi wetu, na nyinyi vijana mlioacha kivuli cha uwanja wa Mkunguni mkaja kukaa ndani na joto hili, assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Walionisikia mwaka jana wanajua nitakachosema, na wawili watatu nawaona wameshaanza kutabasamu. Tabasamuni. Nitalirudia lilelile mpaka nilione limetendwa, kwa sababu kila mwaka naletewa kijana mwenye kalamu nzuri ambaye ameandika makala nne za kupendeza kuhusu mji wake, wasomaji wamemsifu, wajomba wamempigia simu kutoka Mombasa na Jeddah, kisha akanyamaza. Na akiulizwa sababu husema kwamba hamu imemwishia, kana kwamba hamu ndiyo iliyokuwa imeshika kalamu. Faida za kuandika sitazieleza, maana asiyeziamini hangepoteza alasiri yake hapa. Nitakalo ni kuwaonyesha kwamba mwandishi wa mambo ya kwao hukuzwa na kurudi mahali palepale, siku ileile, akiwa na kitu kidogo mkononi, na kwamba tukio kubwa halijamkuza mtu yeyote.

Nianze na bandari, kwa sababu hapo ndipo panaponiuma. Mwezi Machi mwaka 2012 walikuja viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini kuuzindua mradi wa bandari mpya ya Lamu, na siku hiyo kila mwenye kalamu aliandika. Mwezi Mei mwaka 2021 gati la kwanza likafunguliwa, na kila mwenye kalamu akaandika tena. Baina ya siku hizo mbili kuna miaka tisa. Katika miaka hiyo bahari ilichimbwa, wavuvi wakaenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Haya yote mnayajua, wengine ni wana wa wavuvi haohao. Sasa niambieni: katika miaka hiyo tisa, ni nani kati yetu aliyekaa dikoni kila juma akaandika kilichoshushwa?

Sisemi aandike kitabu. Nasema aya mbili kila Alhamisi: samaki gani wameletwa, wameuzwa kwa bei gani, mashua ilitoka wapi, nahodha alilalamika nini, nani hakwenda baharini na kwa nini. Aya mbili kwa juma kwa miaka tisa ni zaidi ya makala 450. Mtu mwenye makala hizo asingehitaji kumshawishi mtu yeyote kwamba yeye ni mwandishi; mwanahabari angemtafuta, wakili angemtafuta, mwanafunzi wa chuo kikuu angelala mlangoni pake, na mtoto wa Lamu aliye ughaibuni angemsoma kila Alhamisi kabla hajampigia mamake. Pengine mtu huyo yupo nami simjui. Kama yupo humu ukumbini, naomba asimame nimshike mkono.

Hakuna? Tuendelee.

Najua mtu anajisemea moyoni: ni nani atakayesoma habari za changu na tewa kila juma? Mwanzoni, karibu hakuna. Watasoma wachuuzi wa samaki, atasoma binamu yako kwa sababu ya undugu, na atasoma mtu mmoja ambaye hutajua kamwe alikotoka. Lakini tazama kinachotokea kwa mwandishi mwenyewe. Juma la kwanza ataandika kwamba samaki walikuwa wengi. Juma la tano ataona haya kuandika hivyo tena, na kwa hivyo atauliza ni wengi kuliko lini. Kusi itakapochafua bahari na mashua ndogo zikashindwa kuvuka mwamba, ataona bei imepanda na aina za samaki zimebadilika, na kwa kuwa bei za wakati wa kaskazi anazo katika daftari, atakuwa na jambo la kusema ambalo hata mwenye duka la barafu halijui. Jicho lake limenolewa na kurudi palepale. Mwandishi wa matukio makubwa hanolewi, kwa kuwa kila mara anafika mahali akiwa mgeni, anaandika alichoandika kila mgeni, kisha anashangaa mbona hasomwi. Siku za Maulidi nyote mnaandika, na picha za mbio za punda tunazo za kututosha mpaka kiama. Jumanne ya kawaida ndiyo isiyo na mwandishi.

Msomaji naye hujenga mazoea yake juu ya mazoea yako. Akikukuta leo na juma lijalo akakukuta tena, mara ya tatu atakuja mwenyewe bila kuitwa. Akija mara mbili akakuta kimya, hatakukasirikia wala hatakuuliza. Atakusahau tu, na ukirudi baada ya miezi minne kwa kishindo utaanza upya na binamu yako.

Sasa namna ya kufanya. Usiseme utaandika ukipata nafasi, kwa sababu nafasi haipatikani. Usiseme hata utaandika saa tatu usiku, maana saa tatu usiku ya Lamu ina wageni. Lifunge jambo hilo kwenye tendo ambalo tayari unalifanya bila kufikiri: nikishaswali alfajiri, kabla sijagusa simu, nakaa kwenye kiti kile na kuandika mistari kumi. Mistari kumi tu. Sisi tunaoishi katika mji ambao siku yake imekwisha kugawanywa na adhana mara tano, na ambao misikiti yake haiachi mtu asahau, hatuna haki ya kulalamika kwamba hatujui pa kuutundika wakati.

Hapa hutokea mtu wa kuniambia kwamba amesikia mazoea hujengwa kwa siku 21, naye alijaribu siku 21 na hayakujengeka, kwa hivyo hakuumbiwa kuandika. Nimechoka na hizi siku 21. Hesabu hiyo ilienezwa na kitabu cha mwaka 1960 cha daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeona kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya baada ya kufanyiwa upasuaji. Alikuwa akizungumzia pua! Watu wakalitupa lile neno «angalau», wakaitupa na pua yenyewe, wakabaki na 21. Waliopima mazoea yenyewe ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, waliofuatilia watu 96, kila mmoja akiwa amechagua tendo dogo la kufanya kila siku katika wakati maalumu, kama vile kunywa maji baada ya kula. Matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba wastani ulikuwa siku 66, aliyewahi kuliko wote alichukua siku 18, na mzito wao, kwa makadirio, angehitaji siku 254. Waligundua pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Kwa hivyo mwezi wako mmoja wa moto si dalili ya chochote, na siku uliyoumwa na kichwa ukakosa kuandika si sababu ya kuacha mpaka Ramadhani ipite.

Anayetaka kuyaona mazoea haya kwa macho apande mashua aende Matondoni, akamtazame mwanamke anavyosuka ukili. Hakuna anayeketi alasiri moja akainuka na mkeka. Anachosuka ni ukili, utepe mwembamba wa miyaa, huku anazungumza na jirani na jicho moja liko kwa mtoto, na kadiri unavyorefuka anaukunja na kuuweka kando. Mtazameni vidole vyake jani moja linapokaribia kwisha: hupachika jipya kabla la kwanza halijamalizika, yakaenda pamoja kwa hatua chache, kisha la zamani likaachwa. Anapoitwa jikoni huinuka na kuyaacha majani yakiwa bado marefu, na akirudi vidole vinajua pa kushika. Ukili ukishatosha ndipo unaposhonwa ukawa mkeka, na hiyo ni kazi nyingine ya siku nyingine. Nanyi fanyeni vivyo hivyo: usiinuke kitini ukiwa umemaliza kila ulichokuwa nacho. Andika mistari yako kumi, kisha andika sentensi ya kwanza ya kesho, hata ikiwa nusu, ndipo uinuke. Kijana mmoja alinilalamikia kwamba kila asubuhi hukaa mbele ya karatasi nyeupe asijue pa kuanzia, nami nikamuuliza ni nani aliyemruhusu jana yake kuondoka na kuiacha karatasi ikiwa nyeupe.

Wenye kazi za mshahara watasema haya ni ya wasio na kazi. Anthony Trollope wa Uingereza alikuwa mfanyakazi wa posta, na kwa miaka mingi alikuwa akikaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, ameweka saa yake mbele, akijilazimisha maneno 250 kila robo saa, kisha anavaa na kwenda kazini. Aliacha riwaya 47. Tawasifu yake ilipotoka mwaka 1883, baada ya kufa kwake, kuna waliomdharau kwa kuandika kwa saa, kwa sababu walitaka kuamini kwamba riwaya hushuka kutoka mbinguni. Kama Mwingereza hakutoshi, mtazameni Naguib Mahfouz wa Misri, aliyekuwa mtumishi wa serikali tangu mwaka 1934 mpaka alipostaafu, akiandika kwa ratiba baada ya kazi, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Na kama Mahfouz hatoshi, Mtume, rehema na amani zimshukie, alikwisha kusema kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu ijapokuwa ni ndogo. Hadithi hiyo mmeisoma madrasa kabla hamjajua kufunga viatu, kwa hivyo sitaishereheshea.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nina mambo kadhaa yaliyobaki, basi nitayapitia mbiombio.

Wekeni akiba. Ramadhani inajulikana inakuja lini, mitihani inajulikana, arusi ya dada yako inajulikana. Makala mbili tatu zisizochacha ziwe tayari zimekaa, ili siku yako ya kuchapisha isipite tupu. Umeme ukikatika au mtandao ukipotea, kalamu na daftari havijakatika.

Wekeni nakala mahali pawili au zaidi. Inasimuliwa kwamba kitabu cha tarehe ya Pate, yaani historia ya mji wa Pate, kiliteketea Witu mwaka 1890 Waingereza walipoushambulia mji ule, na mengi tunayoyasoma leo yametokana na kumbukumbu ya mzee mmoja, Bwana Kitini, katika nakala ambazo hazikubaliani. Simu yako si imara kuliko Witu.

Msihesabu wasomaji kila siku. Hesabuni mlichochapisha, kwa kuwa hicho ndicho kilicho mikononi mwenu. Wasomaji watazameni mara moja kwa miezi mitatu, na hata hapo angalieni zaidi ni nani anayejibu na anajibu nini, maana mchuuzi mmoja aliyekusahihisha bei ana thamani kuliko watu mia waliopita wakipunga mkono.

Mji wetu ni mdogo na vichochoro vyake vinajulikana, kwa hivyo kabla hujamtaja mtu muombe ruhusa, na akikataa andika bei ya samaki. Juu ya hili nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu, na ya lahaja pia, kama uandike Kiamu au Kiswahili sanifu; tuyaache, ila anayeandika Kiamu aendelee nacho kila juma, asiwe anakumbuka lahaja yake siku za sherehe peke yake.

Limebaki la pesa, na najua kuna waliokuja kwa ajili ya hilo tu. Mwenyekiti amenipa dakika tano za maswali. Anayetaka kuniuliza namna ya kulipwa aulize bila kuona haya, ila atutajie kwanza mara ya mwisho alipochapisha ilikuwa lini.