Tangu saa ngapi mzee asile? Mhadhara kuhusu chakula kabla ya upasuaji wa mifupa

Shikamooni wazee wangu, na habari za jioni kwa vijana mliowaleta. Nimeombwa nizungumzie chakula kabla ya upasuaji wa mifupa, na nitaanza na amri ambayo wengi wenu mmeisikia wodini: "Kuanzia saa sita usiku usile wala usinywe chochote." Mimi ni daktari wa usingizi. Amri hiyo hutolewa kwa ajili ya kazi yangu, kwa hiyo nadhani nina haki ya kuikosoa.

Msingi wake ni wa kweli. Mtu akiwa macho, akicheua, koo hujifunga na kikohozi humwokoa. Dawa ya usingizi huiondoa kinga hiyo. Kilichomo tumboni kikipanda, mgonjwa anapaliwa kimya kimya: chakula kigumu huziba njia ya hewa, na tindikali ya tumbo huunguza mapafu. Mwaka 1946 daktari wa uzazi wa New York, Curtis Mendelson, alichapisha hesabu ya wajawazito 44,016 waliojifungulia hospitali moja. 66 kati yao walipaliwa wakiwa wamelazwa usingizi. Waliokufa walikuwa wawili, na wote wawili walizibwa na chakula kigumu. Baada ya hapo hospitali nyingi duniani zilichukua tahadhari, ila zikaweka maji na ugali kwenye kapu moja.

Hapo ndipo ninapogomba. Kwa tumbo lenye afya, ukinywa glasi ya maji, nusu yake huwa imeshapita ndani ya dakika kumi hadi ishirini hivi. Chakula kigumu ni habari nyingine. Lazima kwanza kisagwe kiwe laini ndipo kiruhusiwe kushuka, na mafuta yakiwamo safari inazidi kurefuka. Ndiyo maana mwaka 1999 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo unaohesabu saa kabla ya upasuaji: saa 2 kwa vinywaji viangavu, saa 6 kwa mlo mwepesi na kwa maziwa, huku ukionya kwamba nyama na vyakula vya kukaangwa huchelewa zaidi. Wenzao wa Ulaya mwaka 2011 nao walishikilia saa 2 kwa maji na 6 kwa chakula. Usiku wa manane haumo popote katika hesabu hiyo. Saa sita usiku iliwekwa kwa sababu ni rahisi kuitangaza wodi nzima kwa mara moja.

Kinywaji kiangavu ni kile ambacho ukikitia kwenye glasi unaona vidole vyako upande wa pili. Maji, chai ya rangi, juisi iliyochujwa isiyo na nyama ya tunda. Chai ya maziwa haimo. Uji haumo, hata ukiwa mwepesi kiasi gani, na supu ndiyo kabisa. Nalisisitiza hili kwa sababu ndugu wa mgonjwa, kwa huruma, huja alfajiri na chupa ya uji na kusema, "Si chakula, ni cha kunywa tu." Upasuaji unaahirishwa, na mzee analala njaa siku nyingine tena.

Sasa kwa nini nizungumzie wazee peke yao? Kijana akikaa na kiu saa kumi na nne atanung'unika, basi. Mzee ana maji machache mwilini tangu mwanzo, figo zake hazibani maji kama zamani, na hisia ya kiu imefifia, kwa hiyo hata hatanung'unika. Kisha namchoma sindano ya ganzi mgongoni, ambayo hulegeza mishipa ya damu na kushusha presha. Aliyekauka presha yake hushuka vibaya zaidi. Kiu, njaa, maumivu na usiku usio na usingizi pia ni miongoni mwa mambo yanayomsukuma mzee kuchanganyikiwa baada ya upasuaji, akaanza kung'oa dripu na kumwita marehemu mumewe.

Na kwenye mifupa tatizo huwa kubwa zaidi kwa sababu moja mnayoijua: ajali. Bibi amevunjika nyonga, yuko wa tatu kwenye orodha. Saa nne asubuhi wanaletwa vijana wawili wa bodaboda, mifupa imetoka nje. Hao lazima watangulie, hakuna ubishi. Bibi anasogezwa hadi saa nane mchana, kisha anaambiwa kesho. Alikula mara ya mwisho saa moja jioni ya jana. Hesabuni wenyewe: ni saa kumi na tisa. Kesho inaanza upya, saa sita usiku ileile.

Kwa hiyo mtu wa familia anapaswa kuuliza mambo mawili, kwa adabu, kila orodha inapobadilika. Zamu yake inatarajiwa saa ngapi? Na mpaka saa ngapi anaruhusiwa kunywa maji? Upasuaji ukisogezwa mbele, uliza tena. Ukiahirishwa hadi kesho, alishwe saa hiyo hiyo. Msijiamulie nyumbani kwa kuwa mmenisikia mimi hapa. Mwenye kusema ndiyo ni timu inayomhudumia. Lakini ulizeni.

(Mzee mmoja wa safu ya mbele akauliza: kama ni ganzi ya mgongo na halazwi usingizi, kwa nini asile?)

Swali zuri, mzee wangu. Kwa sababu ganzi wakati mwingine haishiki vizuri, au upasuaji unarefuka kuliko ilivyodhaniwa, na tunalazimika kubadilisha kwenda usingizi kamili katikati ya kazi. Wakati huo hatuwezi kurudi nyuma kumwomba asingekula.

Saa mbili za maji pia hazimfai kila mtu. Mwenye kisukari cha miaka mingi tumbo lake linaweza kuwa zito kumwaga. Maumivu makali ya kuvunjika hulichelewesha, na dawa kali za maumivu kama mofini nazo hulichelewesha. Mwenye kisukari, tena, asimeze vidonge wala kuchoma insulini kama kawaida siku ambayo hatakula, na asiache kwa uamuzi wake. Dawa za kisukari ambazo majina yake huishia na "flozin" kwa kawaida husimamishwa siku tatu au nne kabla ya upasuaji uliopangwa, kwa hiyo msisubiri asubuhi ya siku yenyewe kuzitaja. Leteni dawa zote kwenye mfuko, na za mitishamba pia. Sitagomba.

Nimesema sana kuhusu usiku mmoja, na kwa kweli wiki zilizotangulia zina uzito mkubwa zaidi. Aliyepangiwa kubadilishwa goti mwezi ujao ana nafasi ambayo aliyeanguka bafuni jana hana. Kidonda hufungwa kwa protini, misuli ya kumsimamisha ni protini, na kitanda hula misuli haraka: katika uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 tu walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Hao hawakuwa hata wamevunjika.

Mzee aliyepungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi sita bila kukusudia, yaani kilo tatu kwa aliyekuwa na sitini, tunamhesabu yuko hatarini. Huna mizani? Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kwenye shavu la mguu pale palipo panene. Chini ya sentimita 31 ni dalili ya kumwona daktari au afisa lishe kabla ya tarehe ya upasuaji. Na msidanganywe na unene: mtu anaweza kuwa na kitambi huku mapaja yake yamebaki ngozi na mafuta.

Mzee anayejiandaa kwa upasuaji anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye apangiwe na daktari wake. Kwa kilo sitini ni kuanzia gramu 72. Yai moja lina kama 6, kikombe cha maziwa kama 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Dagaa wakavu ndio matajiri wasiotambuliwa: nusu ya uzito wao au zaidi ni protini, na mifupa yao ina kalsiamu. Asiye na meno atwangiwe dagaa, unga uchanganywe kwenye mboga au uji. Chai isogezwe mbali na mlo, kwa maana inazuia madini ya chuma kufyonzwa, na wengi wanaingia thieta damu ikiwa pungufu tayari.

Mnasubiri niseme supu ya makongoro. Najua. Kila aliyevunjika mfupa huletewa. Ni tamu, inampa mtu hamu, inyweni wiki hizo kama mnaipenda. Lakini protini ya ile jeli ina upungufu, kuna kirutubisho kimoja cha lazima haina kabisa, na juu yake yanaelea mafuta. Haiwezi kuchukua nafasi ya yai, samaki au maharage, na jeli yake haiendi moja kwa moja kuunga mfupa uliovunjika.

Jambo ambalo lingenifurahisha kuliko virutubisho vya kopo ni mtu wa kukaa na kumlisha. Huko Cardiff, Wales, wanawake wazee waliovunjika nyonga, kama mia tatu hivi, waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Jingine liliongezewa wasaidizi wa lishe: kuuliza mgonjwa anapenda nini, kumsogezea sahani, kumsaidia kula. Baada ya miezi minne, waliofariki walikuwa asilimia 22.9 katika kundi la kawaida na 13.1 katika kundi lililosaidiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Hapa kwetu kazi hiyo inafanywa na binti au mjukuu wakati wa kutembelea wagonjwa, na mara nyingi anaharakishwa na mlinzi getini.

(Mama mmoja: na baada ya upasuaji, si mpaka ajambe kwanza?)

Cheka tu mama, ni swali halali. Hiyo ni kwa waliopasuliwa tumbo, na hata huko siku hizi hatungoji kama zamani. Aliyefanyiwa nyonga au goti, utumbo wake haukuguswa. Akishaamka vizuri, hana kichefuchefu, anameza mate bila shida, kwa kawaida anaanza na maji na kula siku hiyo hiyo. Muulizeni nesi, mketisheni wima, na meno ya bandia tuliyoyavua asubuhi yarudishwe mdomoni kabla sahani haijafunuliwa.